Mtu wa Dua kwenye Kamati ya Utayari

Katika Kamati ya Utayari ya chuo chetu mimi nilikuwa mtu wa dua. Cheo hicho hakikuandikwa popote, lakini kila mjumbe alikijua. Mkuu wa chuo alikuwa mwenyekiti, dada wa masijala alikuwa katibu, mwalimu wa kompyuta alikuwa mtaalamu, na mhasibu alikuwa mhasibu kama kawaida yake. Mimi nina mvi nyingi kuliko wote, na nilisoma kwa sheikh miaka kumi na mmoja kabla sijauona mlango wa ofisi. Kwa sababu hizo niliombwa nikae karibu na dirisha, nisikilize, na mwisho nifunge kikao kwa dua. Kufungua alifungua mhasibu, Mkristo wa Machame anayejua kuomba kwa kirefu. Ndivyo tunavyoishi Kariakoo: sala moja mwanzoni, dua moja mwishoni, na katikati tunazungumza kana kwamba hakuna anayetusikia.

Chuo chenyewe ni kidogo. Kiko ghorofa ya tatu na ya nne ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, juu ya maduka ya vitenge, mazulia na ndoo za plastiki. Lifti ipo, ila inatumika kuhifadhia mabango ya mahafali. Tunafundisha uwakala wa forodha, yaani kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini, na nilipostaafu Mwenyezi Mungu akanijaalia nafasi ya kuwafundisha wengine nyaraka zake. Kwa mtu wa umri wangu kupata darasa ni neema. Sijawahi kuingia darasani bila kusema alhamdulillah, hata siku ambazo wanafunzi walikuwa watatu na wawili kati yao wamelala.

Mwaka ule vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, sisi tulifunga kama wachuuzi wanavyokusanya bidhaa mvua ikianza. Kila mtu alishika kilichokuwa karibu naye akaondoka. Mimi nilishika chaki mbili. Tuliporudi baada ya miezi, ubao wangu ulikuwa bado na sentensi ya siku ile, nusu yake, imeishia kwenye neno "isipokuwa". Wanafunzi wakaketi mahali palepale, nikaimalizia. Hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yetu yote ya kuendelea na masomo.

Mkuu wa chuo, kijana wa rika la mtoto wangu wa kwanza, alisema jambo lile lisitokee tena. Alikuwa na haki. Kwa hiyo ikaundwa kamati, ikawa inakaa kila Jumanne saa nne asubuhi. Kikao cha kwanza kilijadili jina. Mtu alipendekeza Kamati ya Janga, mhasibu akasema kulitaja janga kila wiki ni kuliita, ndipo likapatikana neno Utayari. Kikao cha pili kilijadili rangi ya jalada la mpango. Cha tatu mtaalamu alituletea sistimu.

"Wazee wangu, hii kitu ni simpo sana," alisema, huku akiwasha picha ukutani. "Mwalimu yuko kwake, mwanafunzi yuko kwake. Wanakutana hewani."

"Hewani?" mhasibu aliuliza. "Kama malaika?"

"Kama malaika, mzee. Ila malaika wenye bando."

Tulicheka, tukapitisha. Nilikuwa na swali moja kuhusu wale wasio na bando la intaneti, lakini sambusa zilikuwa zimefika na mwenyekiti alikuwa ameshanitazama kwa jicho la dua. Nikafunga kikao.

Mjukuu wangu wa kike aliniwekea sistimu hiyo kwenye simu yangu. Akanionyesha mahali pa kubonyeza ili nisikike na mahali pa kubonyeza ili nisisikike. Nilishangaa nimeishi miaka sabini na miwili bila hicho kitufe cha pili.

Baada ya vikao vingi kamati iliamua kufanya zoezi. Notisi ikabandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa: Jumatano tatu mfululizo mwanafunzi yeyote asifike chuoni, masomo yote yatatolewa kwa simu, na sistimu yenyewe itaandika mahudhurio. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliongezwa kwamba atakayekosa Jumatano zote tatu hatakuwa kwenye orodha ya mtihani. Mkuu alisema bila makali kidogo watu hawawezi kuchukulia janga kwa uzito.

Jumatano ya kwanza nilivaa kanzu safi, nikakaa sebuleni kwangu Ilala. Mke wangu aliwazuia watu mlangoni kama vile nina mgonjwa ndani. Saa mbili kamili nikabonyeza kitufe cha kusikika. Darasa langu lina watu kumi na sita, na kumi na tano walikuwepo hewani. Nilifurahi. Nikaanza kueleza hati ya shehena, ile karatasi inayosema mzigo ni wa nani na umetoka wapi. Katikati ya maelezo nikasikia mbeba mizigo akipiga kelele apishwe njia. Nilimsikia kwa mwanafunzi wa kwanza, kisha wa pili, kisha kwa wote kumi na tano kwa mara moja. Nikasema moyoni, huyu mbeba mizigo ana baraka gani hata anapita kwenye nyumba kumi na tano kwa dakika moja?

Kipindi kilipoisha nikavaa kofia, nikaenda chuoni kwa miguu.

Sikufika ghorofa ya nne. Ngazi zilikuwa zimejaa. Kila kipandio kilikuwa na wanafunzi wawili au watatu, bega kwa bega, magoti kwenye mgongo wa aliye mbele, simu zote zimeinuliwa juu kutafuta mtandao wa bure wa chuo. Siku za kawaida huwa hatupati hata nusu ya watu wale.

"Shikamoo mwalimu!" walinisalimia kwa pamoja.

"Marahaba. Mnafanya nini hapa? Si mmeambiwa mbaki nyumbani?"

"Tupo nyumbani, mwalimu," mmoja akajibu, wengine wakaangua kicheko.

"Nyumbani bando hakuna, mwalimu," binti mmoja akaeleza kwa upole. "Wifi ya chuo inafika mpaka kipandio cha nane. Chini ya hapo inakatika."

"Ndiyo maana tunabanana huku juu," mwingine akaongeza. "Ukitaka kukaa mbali na mwenzako, uwahi nafasi mapema."

Wakati huo kipindi cha kompyuta kilikuwa kinaendelea. Sauti ya mtaalamu wetu ilikuwa inatoka kwenye simu zao, na sekunde moja kabla yake ilikuwa inatoka kwenye mlango wa ghorofa ya nne. Alikuwa yuko ndani, peke yake, amejifungia, anawafundisha hewani watu waliokaa nje ya mlango wake. Baadaye niliambiwa umeme wa luku kwake ulikuwa umekwisha usiku uliopita.

Jumanne iliyofuata taarifa ilisomwa kikaoni. Mahudhurio ya zoezi yalikuwa mazuri kuliko ya siku yoyote tangu chuo kianzishwe. Mkuu alipiga meza kwa furaha. Mtaalamu alitazama viatu vyake. Mhasibu, ambaye ofisi yake inatazamana na ngazi, alisafisha miwani. Na mimi, ambaye niliona kwa macho yangu, nikajiambia kwamba mgeni hamkosoi mwenye nyumba mbele ya watu, na kwamba kazi yangu pale ni dua. Mtu aliyesoma dini anazo sababu nzuri nyingi za kunyamaza. Nilitumia mbili, nikabaki na akiba.

Zoezi likaendelea Jumatano ya pili na ya tatu. Ngazi zikajaa zaidi, mpaka muuza karanga akahamishia sinia lake pale.

Sasa nimtaje yule wa kumi na sita. Ni mama wa makamo, mjane, mwenyeji wa Kilimanjaro, anauza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini. Mume wake alikuwa wakala wa forodha, na alipofariki mashemeji walikuja kwa heshima, wakakaa, wakanywa chai, wakamwambia arudi Kilimanjaro akatunze kihamba, shamba la migomba la ukoo. Akawaomba muda asome kazi ya marehemu. Wakampa mpaka mwisho wa mwaka ule wa masomo, si zaidi. Alisoma asubuhi, kabla ya kufungua biashara, na mikono yake ilikuwa na harufu ya kiwi. Simu yake ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vitufe, yenye tochi kichwani, ambayo haina hewa yoyote ya kukutania.

Mama huyu alisoma notisi mlangoni. Iliandikwa asifike chuoni. Jumatano zote tatu hakufika chuoni. Alikaa kibandani kwake, akasubiri chuo kimwambie la kufanya, kama alivyozoea kusubiri mambo yenye mihuri. Kati ya wanafunzi wote ni yeye peke yake aliyetii, na sistimu ikamwandika mtoro.

Orodha ya mtihani ilipobandikwa alinifuata darasani baada ya wengine kutoka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Mbona hivyo?"

"Jina langu halipo." Alisema bila kulia. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mliniambia nisije, sikuja. Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Basi nikiwaeleza mashemeji nitasema nini? Kwamba nimefukuzwa kwa kutii?"

"Usiwapigie bado."

"Mwalimu, wao ndio watapiga. Wanapiga kila Jumapili baada ya ibada, kuniuliza migomba nitaipanda lini."

Nikaenda kwa mkuu siku ileile. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti yeye mwenyewe.

"Mzee wangu, namwonea huruma sana," alisema. "Lakini si mimi niliyemtoa. Ni sistimu."

"Na sistimu iliwekwa na nani?"

"Na kamati."

"Na kamati ni nani?"

Akatabasamu kama mtu aliyebanwa kwenye kona. "Sisi, mzee. Ndiyo maana siwezi kulibadilisha peke yangu. Lileteni kikaoni. Kuna kipengele cha mengineyo."

Jumanne ile nilifika mapema. Kipengele cha mengineyo kilikuwa cha tisa. Cha kwanza, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kilichukua nusu saa. Cha nne, rangi ya jalada, kilirudi tena kwa sababu ile ya mwanzo ilifanana na ya chama fulani. Cha saba tulijadili kama barakoa ziwe na nembo ya chuo. Tulipofika cha nane harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia kupitia tundu la ufunguo, na Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Mwenyekiti akatazama saa.

"Mengineyo tuyabebe kikao kijacho," alisema. "Mzee wetu, tufungie kwa dua."

Kikao kijacho kingekuta orodha ya mtihani imeshafungwa na kupelekwa.

Nilikuwa na maneno yangu nimeyaandika kwenye karatasi mfukoni. Sikuyatoa, kwa sababu wajumbe walikuwa wameshainua mikono, na mhasibu na katibu wameshainamisha vichwa. Nikainua mikono yangu.

"Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa kutukutanisha kwa amani."

"Amin."

"Utuepushe na maradhi, tunayoyajua na tusiyoyajua."

"Amin."

"Uwape afya walimu wetu na wanafunzi wetu."

"Amin."

Hapo ndipo ninapoishiaga siku zote, na watu walikuwa wameanza kushusha mikono. Sikuishia.

"Na utusamehe, ee Mola, kwa yale tuliyoyaona tukayanyamazia."

"Amin," walisema, chini kidogo.

"Wewe unajua kwamba Jumatano tatu wanafunzi wetu walibanana kwenye ngazi za jengo hili, bega kwa bega, wakijifunza kukaa mbali."

Mikono iliyoanza kushuka ikasimama. Kisha mhasibu, macho yamefumbwa, akatoa sauti nzito: "Amina!"

"Unajua kwamba mja wako mmoja, mama mjane, aliitii notisi yetu akabaki kwenye biashara yake, na sisi kwa utii wake tukamwandika mtoro na kumtoa kwenye mtihani. Tunakuomba, ewe Mwingi wa rehema, kabla ya jua la leo kuchwa, jina lake lirudi mahali lilipokuwa."

"Amina!" akasema mhasibu. Na wengine wakafuata, mkuu akiwemo, kwa sababu mikono ilikuwa bado iko juu na midomo ilikuwa imezoea.

Nikapangusa uso. Hakuna aliyesimama. Katibu alikuwa ameshika kalamu.

"Mwenyekiti, samahani," alisema. "Niandike?"

"Uandike nini?"

"Hilo la mwisho. Wajumbe wote wameitikia."

"Mimi nimeitikia mara mbili," mhasibu akasema.

Mkuu akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao wa mtu aliyekuta mlango ndani ya nyumba yake ambao hakuujua. "Mzee wangu, hapo umetuombea au umetushitaki?"

"Nimewaombea, mkuu," nilisema. "Kama kuna mshitakiwa ni mimi. Nilikuwepo kwenye ngazi, nikanyamaza."

Mtaalamu akakohoa. "Mkuu, hata mimi nilikuwa humuhumu ndani. Kwangu umeme uliisha."

"Mimi niliwaona kutoka dirishani," mhasibu akasema. "Nilidhani ndilo zoezi lenyewe."

Kumbe kila mtu alijua. Mkuu peke yake ndiye asiyejua, maana alikuwa kwake, kwa uaminifu kabisa, akifuata maelekezo yake mwenyewe. Akatazama sufuria ya pilau iliyokuwa imeshaletwa, akasema, "Ifunikeni. Tukae."

Jina la mama likarudishwa kabla ya chakula. Kumbukumbu za kikao zinasema kamati ililiridhia kwa kauli moja.

Lazima niseme lililofuata, maana si halali kusimulia ushindi na kuficha deni lake kwa Mola. Nilipokwenda kuswali Adhuhuri nilikaa muda mrefu baada ya salamu. Sheikh wangu angenirudi. Dua ni maombi ya mja kwa Mola wake. Mimi nilikuwa nimeielekeza kwa watu waliokaa mbele yangu, nikampitisha Mwenyezi Mungu kama shahidi. Nilikuwa na ulimi na nilikuwa na vikao vingi vya kuutumia, nikausubirisha mpaka ukaponyoka ndani ya ibada. Nimeomba msamaha wa jambo hilo, na naendelea kuomba. Lakini sijaomba jina la mama yule litoke.

Mchana ule, baada ya pilau, kamati ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Katibu alisema kwa sauti ndogo, "Tungewauliza kwanza wana nini." Tulitazamana. Mwaka mzima tulikuwa tumeandaa mpango wa kuwafikia watu bila kuwauliza wako wapi. Akachora ukurasa mmoja: unakaa mtaa gani, una simu ya aina gani na ni yako au ya nyumba, umeme upo, saa ngapi una nafasi. Kesho yake ukurasa ulipita madarasani. Tukajua kwamba ndugu wawili wanatumia simu moja kwa zamu. Tukajua kijana mmoja simu yake ina kioo kilichopasuka na anasoma upande wa kushoto tu, kisha anabuni wa kulia. Tukajua wengi wanakaa Mbagala, Buguruni na Tandika, mitaa ileile, na hawakuwa wakijuana. Mhasibu akasema pesa za barakoa zenye nembo zinatosha kuchapa maelezo ya masomo yote kwenye karatasi na kumpa kila mmoja mapema, kabla mlango haujafungwa. Karatasi haihitaji bando. Zilipitishwa barakoa zisizo na nembo.

Kuhusu mama wa Mchikichini, nilisema nitamfundisha mwenyewe, na nikaulizwa kwa njia gani.

Nikawaambia. Nilipokuwa mtoto katika mtaa wa Gerezani, surua iliingia mtaani, na wazazi wakatufungia ndani. Sheikh wetu hakuwa na kamati. Alishika bakora yake, akawa anapita vichochoroni baada ya Alasiri, anasimama nje ya dirisha la kila mwanafunzi, umbali wa kichochoro. "Soma la jana," anasema. Unasoma la jana ukiwa umeshika nondo za dirisha. Ukikosea anagonga ukuta kwa bakora, maana kichwa chako hakifikii. Ukipatia anakupa la leo, mistari michache tu, kisha anakwenda dirisha la pili. Wiki sita alipita hivyo. Hakuna aliyesahau alipoishia. Ingekuwa leo tungesema ana sistimu.

"Kitochi ni dirisha," nikawaambia wajumbe. Mtaalamu, Mungu amlipe, alisema sawa, ila nisigonge.

Basi likawekwa zoezi la nne, na safari hii chuo kilifunga mlango kwa kufuli na kuzima wifi. Wa Buguruni walikutana watano watano barazani, na karatasi zao. Mimi nilikaa sebuleni, saa tano ambayo biashara hupoa, nikampigia mama.

"Soma la jana," nikasema.

"Hati ya shehena inaonyesha mwenye mzigo, meli, bandari ulikotoka..." Mara sauti ikageuka. "Kaka, hicho ni namba arobaini na mbili, hakikuenei! Samahani mwalimu. Bandari ulikotoka, na..."

"Na nini?"

"Dada, bei gani hii raba?" sauti ya mteja.

"Subiri, niko darasani!"

"Darasani wapi, wewe si uko Mchikichini?"

"Ndiyo darasa lenyewe. Vua viatu uingie au subiri nje!"

Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia. Kisha nikasikia sauti za majirani zake wa kibanda, wanawake wawili, wakimkumbusha, "Idadi ya vifurushi, mama, idadi ya vifurushi!" Walikuwa wanafungua marobota kila wiki. Walikuwa wanajua kilichoandikwa juu yake kuliko wanafunzi wangu wa ngazini.

Tuliendelea hivyo kila siku, dakika ishirini, mpaka mtihani. La jana kwanza, la leo baadaye. Siku nyingine alikosea tukarudia mara nne, na subira yangu ikaisha kabla ya yake. Mashemeji walipopiga Jumapili aliwaambia yupo darasani, na siku ile ilikuwa kweli, maana nilikuwa nimempigia dakika tano kabla.

Siku ya mtihani orodha ilikuwa mlangoni, imepigwa chapa, na jina lake liliongezwa chini kwa mkono wa katibu, kwa wino wa bluu, na muhuri juu yake. Sistimu ilikuwa imekataa kumrudisha. Msimamizi kutoka nje alilitazama jina lile kwa mashaka.

"Hili mbona la mkono?"

"Ndilo lililofanyiwa kazi," katibu akamjibu, akampisha mama apite.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tano. Alifaulu masomo yote manne. Somo langu ndilo alilopata alama za chini kuliko yote. Nilipomwambia nimehuzunika alinitazama kwa huruma.

"Usijali mwalimu. Nyaraka nimezielewa. Mtihani ndio haukunielewa."

Aliwapigia mashemeji yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila kusubiri wapige. Mkubwa wao akauliza kama kazi hiyo ina pensheni. Kihamba wakakipangisha kwa jirani. Mpango wa chuo upo tayari, jalada lake ni la kijani, na ukurasa wa katibu uko wa kwanza ndani yake. Janga lenyewe halijaja, alhamdulillah, na kama likija si kwa sababu tumeliita.

Mama alinunua viatu vyeusi kutoka kwenye meza ya jirani yake wa sokoni, maana vyake mwenyewe havikumwenea. Jumatatu akamwachia jirani huyo kibanda, akaenda bandarini kuulizia kazi kwenye ofisi za mawakala, moja baada ya nyingine. Hakupata. Jumanne akaenda tena.